Vibua Ndani ya Insha

Kijana wetu wa darasa la tano ana mtindio wa ubongo. Kichwa kinakwenda mbio, mkono wa kulia unakaza. Tangu darasa la kwanza namviringishia penseli ukanda wa mpira wa baiskeli ili ipate unene wa kushikika, na bado mstari mmoja humtoa jasho: herufi zinapandiana, karatasi inachanika. Insha zake zilikuwa za sentensi tatu, kwa sababu mkono ulichokea hapo. Na huyu ndiye anayetusimulia sinema nzima mpaka wali unapoa.

Muhula huu mwalimu wake wa Kiswahili alikubali alete insha iliyochapwa. Tangu 2017 Google imeingiza Kiswahili kati ya lugha ambazo simu inasikiliza na kuandika, kwa hiyo hatukununua chombo chochote. Nilimpa simu yangu atamke tu.

Atamke, katika nyumba ya Tanga, Jumamosi asubuhi!

Alikaa sebuleni akabonyeza alama ya maikrofoni, akaanza kusimulia sikukuu ya Idi. Huongea kwa kuvuta, maneno mengine hukwama kidogo, na programu ile haichagui nani anasema. Uani, mama mkwe wangu alikuwa na mchuuzi wa samaki. Nilipokwenda kutazama, kioo kilikuwa kimeandika: "Asubuhi ya Idi tuliamka mapema tukaoga tukavaa hao vibua wa jana mwanangu macho mekundu nipunguzie baba akatupeleka msikitini." Kijana alicheka hadi akajilaza mkekani, na mimi nikacheka naye. Halafu akaanza kufuta, na kicheko kikamwisha, maana kufuta kwa kidole kisichotii nako ni kazi.

Tukahamia chumbani, jogoo wa jirani akaingia kwenye insha. Tukaingia stoo, joto na giza, mdogo wake akawa anagonga mlango akitaka kujua kaka kafanya kosa gani hata afungiwe. Mwisho simu ikazima, na luku ilikuwa imekwisha tangu alfajiri.

Mama mkwe alikuwa hajaipenda habari hii. Kwake mtoto hujifunza kwa kalamu, na mashine itamlemaza zaidi. Alipotukuta tumekaa kimya akauliza kulikoni, na mjukuu wake akamsimulia yote aliyokuwa ameshatamka: kanzu ya babu iliyomfika magotini, mbuzi aliyekimbilia kwa fundi cherehani, pilau iliyoungua chini na kugombaniwa ukoko.

"Yote haya unayo, mbona daftarini huyaandiki?"

"Mkono, bibi."

Mama mkwe akautazama ule mkono, akaukunjua kidole kimoja kimoja, akausugua. Luku iliponunuliwa alivuta kigoda hadi mlangoni. "Nyamazeni, mtoto anaandika," akamwambia kila mtu, pamoja na mume wangu.

Wapo wanaouita uvivu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasimama na mwanangu, na Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na 10 katika masomo mengine. Nashukuru kwa dhati. Lakini ukimwongezea muda mtu anayeumwa na mkono, umemwongezea na maumivu. Mwanangu anahitaji njia nyingine ya kuyatoa yaliyomo kichwani, na anaihitaji kila siku ya shule, si siku ya mtihani peke yake.

Insha ilikwenda ikiwa kurasa mbili. Ilirudi na alama nane kwa kumi, na kalamu nyekundu imezunguka kila mahali palipokosa nukta, kwa kuwa simu ilikuwa imeyaunganisha maneno yote mfululizo. Mwalimu hakumhurumia hata kidogo, na mimi nilifurahi mno: kwa mara ya kwanza alisahihishwa kama wenzake. Yeye alinuna kwa zile mbili zilizokatwa. Baba yake akaazima kibodi kutoka kazini, tukaichomeka kwenye simu, na jioni hiyohiyo kidole cha mkono wa kushoto kikaanza kuitafuta nukta.