Koti la Mjomba na Uzoefu wa Miaka Mitano

Tangazo lilinifikia kwenye simu ya binamu yangu, limepigwa picha ukutani na mtu mwenye haraka, herufi za pembeni zimekatwa. Anatakiwa karani wa ghala la mahindi, Sumbawanga mjini. Awe amemaliza kidato cha sita. Umri usizidi miaka 25. Awe na uzoefu wa kazi kama hiyo usiopungua miaka mitano.

Nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Kidato cha sita nilimaliza nina miaka 22, maana babu alikataa nianze shule mpaka mkono wangu upite juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, na mimi nilijaliwa kichwa kikubwa. Ongeza mitano: 27. Nikajaribu kuanzia upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Hata ningeajiriwa asubuhi ile ile niliyotimiza 14, mitano ingekatika bado nimevaa sare. Kwa hiyo aliyekuwa anatafutwa ni mwanafunzi mtoro mwenye vyeti vizuri.

Si kwamba sijawahi kufanya kazi. Kwetu Wampembe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, nani analelewa bure? Enzi hizo meli ya MV Liemba ilikuwa ikisimama mbali na ufuko, mitumbwi inaifuata usiku kwa makelele, na abiria wanaoshuka sisi vijana tunawabeba mgongoni hatua za mwisho ili wasilowe. Nimebeba walimu, nimebeba masista, nimembeba mama mmoja aliyekumbatia cherehani akakataa kata kata kuiachia. Kukicha naanika dagaa na kufukuza kunguru. Lakini kazi zote hizo hazina muhuri, na uzoefu usio na muhuri, ukifika nao mjini, unaitwa kukaa nyumbani.

Na hiyo Liemba yenyewe, tuseme ukweli, sivii yake ina pengo. Wajerumani waliishusha majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isitekwe, ikakaa chini ya maji mpaka 1924. Miaka minane! Ilipoanza kazi upya 1927, tena kwa jina jingine, sijasikia kwamba kuna aliyeiuliza hiyo minane ilikuwa inafanya nini.

Ningeendelea na dagaa wangu bila ugomvi na mtu, ila tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu. Nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Samaki wakapumzika. Na sisi tukapumzika, tofauti ni kwamba sisi hatukuwa tumeomba likizo. Kunguru wakawa wanatua juu ya vichanja vitupu na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetia saini.

Ndipo mjomba akaniazima koti. Ni koti la kijivu, la pekee katika ukoo, linakwenda harusini, msibani na mahakamani. Akalipangusa mabega, akanivalisha, akasema, "Mjomba, ukiwa ndani ya hili watu watakusikiliza." Hakuacha kunikumbusha na deni. Wiki sita nyuma tulifiwa na bibi, nikachaguliwa mweka hazina kwa kuwa ndiye mwenye kidato cha sita. Tulipoanua matanga, orodha ya michango ilisema hivi, kopo la fedha likasema vile, tofauti yao shilingi 2,500. Tangu hapo mjomba hakupitisha siku bila kuniuliza, tena kwa ule upole wa mtu anayekusamehe mbele ya watu, "Ile elfu mbili na mia tano imeonekana?"

Kutoka ziwani kwenda Namanyere, njia ya Sumbawanga, gari linapanda ukuta. Ziwa liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, Sumbawanga imepita 1,700, na mwezi wa Julai tofauti hiyo unaisikia kwenye meno. Koti lililonitoa jasho Wampembe lilikuwa Sumbawanga kama nimevaa gazeti. Isitoshe, humo ndani ya gari joto la abiria lilikuwa limeamsha harufu ya dagaa iliyolala kwenye bitana tangu msimu uliopita. Dada niliyekaa naye alifungua dirisha, baridi au si baridi.

Mjini nikaingia steshenari kuandikiwa sivii. Kijana wa kompyuta alikuwa nayo moja tu ndani ya mashine, na kila mteja huingia humo kama mpangaji katika chumba ambacho aliyetangulia hajamaliza kuhamisha vyombo. Tulipofika kwenye uzoefu akasimamisha vidole. "Niandike nini?" Nikamwambia kweli tupu: mwaka 2022 nilimsindikiza karani wa sensa vitongojini, mimi nikabeba begi, yeye akashika kishikwambi. "Basi," akasema, "ulishiriki Sensa ya Watu na Makazi." Akaandika kwa herufi nzito. Nikalipa, sikusoma ukurasa wa pili.

Aliyenisaili alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, kikokotoo mkononi kama rozari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae." Akasoma. Akarudia kusoma. "Hapa umeandika jinsia, me. Hali ya ndoa, ameolewa, watoto wawili." Akaishusha miwani puani. "Hongera."

Nikaanza kueleza habari za mpangaji na vyombo. Akanipungia mkono, akaenda kwenye herufi nzito. "Sensa ulishiriki vipi? Maana hata mimi nilishiriki. Nilikuwa nyumbani, nikahesabiwa."

Hapo sikuwa na la kusema. Sensa ile ilihesabu watu 61,741,120, na kwa kipimo cha kijana wa steshenari wote hao walikuwa na sifa sawa na mimi.

"Huna nakala iliyo sahihi?"

Nilikuwa nimetoa nakala mbili, ya pili nikaitia mfuko wa ndani. Labda ile, nikajidanganya, ilitoka bila mume. Nikaingiza mkono, nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Alipoifungua ndipo nilipoutambua mwandiko wangu. Ilikuwa orodha ya michango ya msiba wa bibi. Mjomba aliitia humo mfukoni siku ya matanga, iwe ushahidi.

"Sukari kilo nne," akasoma. "Maharage debe moja. Sanda. Nani ameandika?"

"Mimi mama, lakini hiyo siyo..."

"Mwandiko mzuri." Akavuta kikokotoo.

Sitausahau ule ukucha wake, mfupi, umepakwa rangi nyekundu iliyobanduka nusu, ukishuka mstari kwa mstari juu ya majina ya ukoo wangu, midomo inanong'ona tarakimu. Shangazi zangu wote walipita chini yake. Mwishoni akaguna.

"Mbona kopo limepungua?"

"Mama, hiyo ni hadithi ndefu."

"Haina urefu wowote." Akaigeuza karatasi inielekee. "Huyu bwana yuko namba 6, wanaukoo. Yuko tena namba 31, majirani. Alitoa mara mbili?"

Nikainama kutazama. Alikuwa mjomba. Ni ndugu wa marehemu, na ua wake umepakana na ua wa marehemu. Nilipozunguka kwa ndugu nilimwandika, nilipozunguka kwa majirani nikamkuta amekaa nao, nikamwandika tena. Fedha alitoa mara moja. Jambo ambalo ukoo mzima ulilikalia vikao wiki sita, yule mama alilimaliza kabla chai yake haijapoa.

"Wewe si ulishiriki sensa?" akaniuliza. "Mtu huhesabiwa mara ngapi?"

Akacheka, nami nikacheka, nikaona kazi hiyo imeshakuwa yangu. Akanirudishia karatasi na kuniambia, kwa huruma kabisa, kwamba kosa kama lile mtu mwenye uzoefu angeliona. Nikamuuliza uzoefu wenyewe unapatikana wapi. Akasema kwenye kazi kama hii.

Alikuwa mtu mwema, hilo nalikubali. Alinifahamisha kwamba serikali ina mafunzo ya utarajali kwa waliomaliza vyuo. Chuo sikuwa nacho. Akanikumbusha na VETA, ambao huwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwarasimishia ujuzi wao kwa cheti. "Wewe ujuzi wako ni upi?" Nikamtajia kubeba abiria mgongoni. Akaandika kitu pembeni ya sivii yangu ambacho mpaka leo natamani kukisoma.

Nilipofika Wampembe nilimkuta mjomba amekaa pale pale kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Ziwa lilikuwa bado limefungwa. Habari ya kazi hakuiulizia.

"Ile elfu mbili na mia tano?"

"Imeonekana, mjomba."

Nikampa karatasi, nikamwonyesha namba 6, nikamwonyesha namba 31. Akaisogeza mbali na macho, akajisoma mara ya kwanza, akajisoma mara ya pili.

"Kwa hiyo mimi nimeandikwa mara mbili."

"Ndiyo, mjomba."

"Na mwandiko ni wako."

"Ni wangu."

Akaikunja mara nne, taratibu, akanyoosha mkono nimpe koti lake.

"Basi nirudishieni moja."