Hongera Afande, Mtaa Wetu Hauna Wezi

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi (jina la kituo tumelihifadhi),
Wilaya ya Kinondoni,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA MTAA WETU KUWASHINDA JIRANI KWA AMANI

Afande,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwenye mkutano wa mtaa juzi, kijana wako alisimama akatusomea hali ya uhalifu. Akasema mtaa wetu una matukio machache kuliko wenzetu wa ng'ambo ya lami, wale wenye mageti, mbwa na walinzi wa kampuni. Tulishangilia. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alipiga vigelegele huku pochi ameibana kwapani. Kijana wako akamalizia kwamba doria za usiku zitaongezwa ng'ambo, kwa kuwa ndiko matukio yaliko. Tukashangilia tena, ingawa safari hii si kwa nguvu sana.

Nimeona si vyema mafanikio haya yakapita bila kueleza siri yake, maana mitaa mingine ingependa kujifunza.

Siri ni kwamba sisi huku hatuibiwi, tunapoteza. Kishandu akipita na pikipiki akakukwapulia pochi, simu na vyote vilivyomo, laini unairudisha kwa wakala kwa alama ya kidole. Kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki vinahitaji losi ripoti, na losi ripoti haikuulizi pikipiki ilikuwa ya rangi gani. Unajaza, unalipia, unaendelea na shughuli zako. Ukijitia kimbelembele ukasema umeibiwa, hapo umejitafutia safari: kwanza namba ya taarifa, yaani RB, kisha jalada, kisha mpelelezi ambaye leo yuko mahakamani, kesho yuko kwenye tukio, na keshokutwa amehamishiwa mkoani. Kwa hiyo atakayepekua vitabu vyako atatukuta sisi ni wazembe wa kupindukia, watu wa kudondosha vitambulisho kila mwisho wa mwezi, hasa siku za mishahara. Lakini wezi hatakuta.

Wenzetu wa ng'ambo wanajiharibia wenyewe. Wana bima kubwa. Gari likivunjwa kioo, kampuni haitoi hata senti bila ripoti ya polisi, basi wanakuja kuandikisha, na dereva wanaye wa kumtuma. Sisi magari yetu machache yana bima ndogo, ile ya kumwonyesha trafiki. Bima hiyo hailipi kioo cha gari lako mwenyewe. Tuje kituoni kutafuta nini?

Badala yake tuna fundi. Yuko karibu na gereji, ana mashine ndogo ya kuchonga namba ya gari kwenye saiti mira, taa za mbele, taa za nyuma na vioo vya milango. Gari langu limechongwa namba hadi linafanana na daftari la mahudhurio. Na hata hivyo saiti mira zinaondoka. Ukizifuata kwa wauza vipuri vilivyotumika, muuzaji anakuuliza namba yako ngapi, anaingia ndani, anarudi nazo. Mnapatana bei kwa heshima kabisa, hakuna anayemwita mwenzake mwizi.

Dira za maji nazo tumezijengea vizimba vya zege na nondo, kufuli juu. Msoma mita anapiga magoti na kumulika kwa tochi. Katika mtaa wetu dira ndiyo pekee iliyowahi kufungwa kwa sababu ya wizi.

Nisikufiche, nami niliwahi kuhatarisha rekodi hii. Nilivunjiwa mlango, nikaja kaunta. Niliulizwa namhisi nani. Nikataja jina la mtu ambaye mtaa mzima unamtaja. Nikaambiwa basi, mkimwona mshikeni mtuletee, na kama mna usafiri itakuwa vizuri zaidi. RB niliyopewa ilikuwa kipande cha karatasi chenye upana wa vidole viwili, kimekatwa kwa rula ili karatasi moja itoshe watu wengi. Kwa hilo sikulaumu. Najua rimu haziji, na najua vijana wako nao wanaishi mitaa kama yetu na wanapoteza kama sisi.

Kinachonitia hofu kwa ajili ya takwimu zako ni wale wananchi wenye hasira kali wa kwenye magazeti, wasio na majina wala anwani. Hao hawaombi mafuta ya gari, na usiku wa manane wako wazi. Mtu akipiga kelele za mwizi, wanafika kabla hajamaliza neno. Wakishaondoka ndipo difenda ya polisi inapokuja, maana maiti haiandikiwi losi ripoti. Hapo mtaa wetu unaingia vitabuni, tena kwa mauaji. Simu ya kitochi iliyoanzisha yote haiandikwi popote.

Unakumbuka Ijumaa ya 2 Januari 2015, habari za genge la vijana la Panya Road zilipozagaa Magomeni, Mwananyamala na Sinza, maduka yakafungwa na watu wakakimbia hovyo? Wakubwa wako walisema ni uvumi. Lakini uvumi ule, bila RB hata moja, ulileta magari na misako iliyozoa vijana kwa mamia. Septemba 2022, baada ya mauaji ya mwanafunzi kule Kawe, misako ikarudi tena. Ndiyo maana wapo wazee hapa mtaani wanaoshauri tuache kuripoti wizi tuanze kuripoti uvumi.

Ombi langu ni dogo, Afande: usibadilishe kitu. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mageuzi makubwa ya polisi mwaka 2023. Kwa upande wetu usiharakishe. Mpelelezi akianza kupiga simu kwa mlalamikaji, au simu moja tu ya wizi ikapatikana na kurudishwa kwa mwenyewe hadharani, watu watajipanga foleni kuanzia alfajiri, kila mmoja na tukio lake la mwaka juzi. Kufikia mwisho wa mwezi tutakuwa tumewapita wenzetu wa ng'ambo kwa mbali, na wewe utaitwa kwa mkuu wa wilaya ueleze uhalifu huu wote umetoka wapi ghafla.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi, nyumba ya pili kutoka kwa fundi wa kuchonga namba.

Nakala:
Wananchi wenye Hasira Kali (hawana anwani).
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa (tutampelekea kwa miguu, pikipiki yake ameipoteza).