Barua kutoka Breckenridge: Mintarafu ya Cheo Changu

Breckenridge, Colorado, Marekani

Kwa Mjomba mpenzi na jamaa wote wa Ngamiani, Tanga,

Nawaarifu ya kuwa mimi ni mzima wa afya, wala sina la kulalamikia ila masikio, ambayo kila alfajiri hunibidi niyapapase nihakikishe kwamba yangalipo. Mjomba ameniuliza swali ambalo ni haki yake kuliuliza, maadamu ndiye aliyeuza kipande cha shamba la Pongwe ili mimi nisome: nimepata kazi gani, na cheo changu ni kipi? Jibu lake ni refu kidogo, nami namsihi alisome akiwa amekwisha kunywa kahawa.

Serikali ya nchi hii humruhusu mwanafunzi mgeni aliyehitimu afanye kazi inayohusiana na masomo yake kwa muda wa mwaka mmoja, lakini humwekea sharti kwamba ndani ya mwaka huo asikae bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Mahoteli ya Denver niliyoyabishia hodi yalinijibu kwa adabu kubwa, ila adabu ile haikuwa na mshahara ndani yake. Ndipo niliposikia kwamba huko milimani, unapokaribia msimu wa theluji, mahoteli huajiri hata mpita njia aliyeingia kuuliza saa. Basi nikaitia shahada yangu ya uendeshaji wa mahoteli katika mfuko wa nailoni, nikapanda basi, tukapita katika handaki la Eisenhower lililotoboa mlima yapata mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, tukateremkia bonde ambalo Mola, kwa hekima yake, amelijaalia kila kitu isipokuwa hewa ya kutosha.

Mji huu, ulioanza kwa wachimba dhahabu mwaka 1859 na kufungua mlima wake kwa watelezaji wa juu ya theluji mwaka 1961, umekaa mita 2,926 juu ya bahari. Kituo cha Mandara, wanakolala baadhi ya wapandaji wa Kilimanjaro usiku wao wa kwanza, kiko mita 2,720. Watu hao hulipa fedha nyingi, hubebewa mizigo na wapagazi, na wakifika hapo hupigwa picha. Ilhali mimi nalala juu kuliko wao kila usiku, na mzigo wangu wa unga kutoka dukani naubeba mwenyewe, wala sijamwona wa kunipiga picha. Fauka ya hayo, maji hapa huchemka yakifika nyuzi 90 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage hutokota mbele ya macho yako kwa bidii zote, yakatoa povu, yakatoa harufu ya kukutia tamaa, nawe ukiyaonja baada ya Isha huyakuta na ugumu wa guniani.

Aliyeniokoa na maharage hayo ni Msenegali mmoja, mtu mzima, kwa kuwa katika wilaya hii wamo Waafrika wa Magharibi wengi, hususa wa Senegali na Mauritania. Nyumba za hapa aghalabu hukodishwa kwa usiku mmoja mmoja kwa watalii wenye uwezo, na wafanyakazi hubanana katika zilizosalia. Yeye, aliponisikia nikitoa salamu kwa Kiarabu cha madrasa, akanipa kitanda chumbani mwake na kuniazima sufuria ya presha. Lugha yake ni Kiwolofu na Kifaransa, yangu mwaijua, na kwa hiyo hatujapata kugombana.

Ama mintarafu ya kazi, nimewekwa katika chumba cha mbao za kutelezea, chini kabisa ya hoteli, na kazi yangu hasa ni kuwavua watu viatu. Msicheke. Kiatu cha kutelezea ni cha plastiki ngumu, kina vifungo vinne vya chuma, na mguu uliokaa ndani yake tangu asubuhi huwa hautoki kwa hiari. Mgeni hukaa kitako juu ya benchi na kulishika kwa mikono miwili. Mimi hupiga goti, nikalegeza vifungo, nikauvuta mbele ulimi wa kiatu, nikakamata kisigino, na kila mmoja wetu akapiga bismillahi kwa lugha yake. Mguu ukitoka, mgeni hupumua kama mja aliyesamehewa deni, akatoa bakshishi. Nami huvitundika viatu juu ya mabomba yapulizayo hewa ya moto, ili kesho avivae vikiwa vikavu, akateseke upya.

Na mateso hayo ameyanunua. Tikiti ya siku moja mlimani, ikinunuliwa siku ile ile, aghalabu hupita dola 200. Akiisha kuipata, hupanda kwa kiti kinachoning'inia juu ya kamba ya chuma, akashuka akiteleza, akapanda tena, akashuka, hivyo hivyo mpaka alasiri, wala hakuna hata kitu kimoja alichokisahau huko juu.

Ajabu kubwa, lakini, ni wenzangu kazini. Azoaye theluji mlangoni kwa sepetu amesoma sheria. Apangaye vikombe ana shahada ya fizikia. Na wote wamezitafuta kazi hizi kwa mikono miwili, kwa sababu mwajiriwa hupewa kibali cha kupanda mlimani msimu mzima. Hapa mtu haulizwi amesoma nini, huulizwa ameteleza siku ngapi. Theluji ikianguka kwa wingi usiku, asubuhi yake nusu ya watumishi huugua, na magharibi hupona wote kwa pamoja. Mkuu wetu hadai cheti cha daktari, kwa kuwa naye alikuwa mgonjwa. Tena kila mwaka, tangu 1963, huwa wana sikukuu yao ya kumtukuza Ullr, mungu wa theluji wa Wanorse wa kale: huandamana wamevaa kofia za pembe, wakachoma moto mbao kuukuu za kutelezea. Mimi niliwatazama kwa mbali, nikasoma astaghfirullahi, nikakaribia moto kidogo kwa ajili ya baridi.

Kwetu mtu husoma ili aikimbie kazi ya mikono. Hawa wamesoma, kisha wakaikimbilia. Lakini kwa insafu niseme kwamba mchezo huo humfaa yule ambaye hakuuziwa shamba. Yule Msenegali wangu, ambaye ametandika vitanda vya watu hapa miaka mingi na kuwasomesha watoto wake kwa shuka hizo, hajapata kuvaa mbao hata siku moja. Na akiulizwa ameteleza siku ngapi msimu huu, hujibu kwamba kila siku, kutoka mlangoni mpaka kituo cha basi.

Basi Mjomba akiulizwa barazani, na aseme kwamba mpwa wake yumo hotelini, idara ya wageni, na ya kwamba matajiri wa Marekani hawawezi kwenda kulala bila ya msaada wake. Yote hayo ni kweli tupu, wala hana haja ya kuongeza habari ya viatu. Bakshishi ya wiki ya Krismasi naileta kwa njia ya benki. Na amwulize yule mnunuzi wa shamba, kwa upole, kama moyo wake umekwisha kupazoea mahali pale.

Wasalaam,
Mpwa wako mtiifu