Utenguaji wa Betri Pasipo Kelele: Mhadhara Mkuu kwa Jiji la Bukavu

Utenguaji wa betri ni elimu ya kulitenga gari na umeme wake bila kumuumiza mtu, bila kuunguza kifaa na bila kuamsha king'ora. Watu wasiosoma huiita "kufungua betri". Ni tawi tukufu la fizikia, na hadi leo, kwa uzembe usioelezeka, hakuna chuo kikuu kilicholiundia kitivo. Mtaalamu wake mkuu mjini Bukavu amejitunuku uprofesa mwenyewe, maana hakupatikana mwingine mwenye hadhi ya kumtunuku. Mpangilio wa mhadhara huu ameuidhinisha yeye, na hakuna aliyeupinga, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Umbo limebadilika, kanuni haijabadilika: seli sita zenye mabamba ya risasi ndani ya asidi ya salfa, kila seli ikitoa volti 2 na ushei, jumla volti 12.6 hivi betri ikiwa imejaa. Planté hakuwahi kufika Bukavu. Ni pengo kubwa katika elimu yake, lakini Mtaalamu amemsamehe.

Umuhimu wa somo hili kwa Bukavu unatokana na jiografia na SNEL, shirika la umeme la taifa. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu mjini humo humo, na mitambo ya Ruzizi I, ya miaka ya 1950, na Ruzizi II, ya mwaka 1989, inazunguka si mbali na nyumba zinazolala gizani. Kwa sababu hiyo betri ya gari ina ajira mbili: mchana inawasha injini, usiku inawasha taa na televisheni na kuchaji simu za ukoo mzima. Isitoshe, mji umekaa juu ya vilima. Katika mtaa wa Kadutu nyumba nyingi hufikiwa kwa vijia vya miguu. Gari hulala chini barabarani, na mwenye busara huilaza betri ndani, ambako mwizi haifikii. Utenguaji basi hufanyika usiku, saa ambayo king'ora kimoja husikika mlima mzima na dirisha la jirani hufunguka: "Papa, uzime ile kintu, batoto banalala!"

Sharti la kwanza la elimu hii ni umiliki. Mtenguaji awe na ufunguo wa gari na haki ya kuushika. Asiye na ufunguo hahusiki na mhadhara huu. Wake hutolewa na hakimu.

Ving'ora vimegawanywa na Mtaalamu katika matabaka matatu. Tabaka la kwanza ni mlinzi wa milango: rimoti ikishafunga gari, mlango au boneti ikifunguka kwa njia nyingine hupiga kelele. Tabaka la pili ni msahaulifu: hunyamaza betri ikitolewa, kisha huzinduka betri ikirudishwa, akidhani bado yuko zamu. Tabaka la tatu ni mwenye akiba, king'ora chenye kibetri chake ndani. Huyu hukata shauri kwamba umeme ukikatika ghafla, mwizi amefika. Aliyempa kazi hiyo hakuwahi kuishi kwa mteja wa SNEL.

Dawa ya matabaka yote ni moja, nayo imekaa wazi katika vitabu vya magari ambavyo hakuna anayevifungua: king'ora hakishindwi nguvu, kinaarifiwa. Gari lifunguliwe kwa rimoti yake. Mwenyewe aketi, awashe swichi kwa ufunguo bila kuwasha injini, kisha aizime. Hapo gari kwa kawaida linatambua kwamba bwana wake yupo. King'ora chenye akiba mara nyingi kina kifunguo chake kidogo cha kukizimia. Ndicho kile kinachoning'inia kwenye shada la funguo miaka yote bila mtu kujua kazi yake.

Zana ni chache. Toyota zilizotumika Japani, ambazo zimejaa barabara za Bukavu zikiwa na usukani kulia katika nchi inayoendesha kulia, hutaka kwa kawaida kle, yaani spana, ya 10. Kiongezwe kitambaa kikavu, glavu na miwani. Pete, saa na mkufu vivuliwe, kwa sababu chuma kikiunganisha ncha mbili za betri hupitisha mamia ya ampea na kugeuka kaa la moto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la Mtaalamu hubaki na alama ya pete pasipo pete. Sigara izimwe pia. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na asilimia 4 tu ya gesi hiyo hewani yatosha kulipuka. Jiji linaloishi kando ya Ziwa Kivu, lenye methani tele, halina udhuru wa kudharau gesi.

Baada ya hapo kazi yenyewe inaanza. Breki ya mkono ivutwe na jiwe liwekwe upande wa bondeni wa gurudumu, maana mteremko wa Bukavu hausubiri. Gari la gia otomatiki liachwe mahali litakapolala, kwa kuwa bila umeme gia hukataa kutoka P. Taa na redio zizimwe, kioo cha dereva kishushwe kidogo, ufunguo uingie mfukoni, kisha zipite dakika chache kompyuta za gari zilale.

Ncha hasi hufunguliwa kwanza, na hapa ndipo wanafunzi wengi hufeli. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Anayeanza na chanya, kle yake ikigusa bodi, ameunganisha ncha mbili kwa mkono wake mwenyewe, na cheche zitamfundisha alichokataa kusoma. Hasi ikishatoka, bodi haina tena njia ya kurudisha umeme. Nati ilegezwe, kibanio kichezeshwe kushoto na kulia hadi kitoke, kifunikwe kwa kitambaa. Kisha chanya, kisha kishikio. Betri ibebwe wima; ina kilo kumi na kadhaa, na asidi yake hula suruali pasipo kuchagua bei.

Zipo gari zinazohitaji heshima ya pekee. Kwenye Toyota Prius nyingi betri ya volti 12 iko nyuma, na buti hufunguka kwa umeme: anayelifunga betri ikiwa imekatwa amejifungia nje. Redio kadhaa za Toyota za Kijapani, zikikosa umeme, huamka zikidai msimbo wa kuzifungulia kama afisa wa mpakani, na asiyeuhifadhi husafiri kimya. Anayetaka kugusa mifuko ya hewa asubiri angalau sekunde 90 tangu hasi ilipotolewa.

Asubuhi, mpangilio hupinduliwa: chanya kwanza, hasi mwisho. Unga mweupe-kijani ulioota kwenye ncha uoshwe kwa maji ya vuguvugu na bikaboneti, kisha zikaushwe. Hasi inapogusa, rimoti iwe mkononi, kwa kuwa tabaka la pili litazinduka na kudai maelezo. Kitufe cha kufungua kibonyezwe mara moja. Saa irekebishwe, vioo vifundishwe upya kupanda, na injini iachwe ingurume dakika kadhaa hadi ikumbuke mwendo wake wa kupumzikia. Jiwe liondolewe kwenye gurudumu. Mtihani hutolewa kila jioni SNEL inapokata umeme, na msahihishaji ni jirani.