Kwanza Herufi, Lami Baadaye

Barabara za Kenya hupewa herufi kwanza, namba hufuata, lami huja kama itakuja. Katika mfumo uliotumika kwa miongo mingi, A ilikuwa ya kimataifa, B ya kitaifa, C na D za kuunganisha miji na masoko, E ya vijijini. Zilizosalia hazikuwa na daraja, ila vumbi lao halikupungua. Sheria ya Barabara ya 2007 iligawa urithi huo: KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, ikachukua A, B na C, KeRRA, ya barabara za vijijini, ikaachiwa D, E na yatima wengi.

Barabara kuu ya Mombasa, ipitayo mji wa Salama chini ya milima ya Kilungu, iliitwa A109. Uainishaji mpya wa 2016 ukaifanya sehemu ya A8, itokayo Mombasa hadi Malaba. Namba ilifupika, foleni ya malori haikuarifiwa.

Anayepanda kutoka Salama kwenda Nunguni, juu milimani, huiacha namba bondeni. Makanga huita "Nunguni! Nunguni!", na hakuna abiria aliyewahi kudai herufi. Maji ya mvua nayo hushuka kwa njia ya mkato, bila kujali yamechimba mali ya KeNHA, ya KeRRA au, tangu 2013, ya Kaunti ya Makueni. Kujali ni kazi ya mlalamikaji, kwani shimo lina daraja lake, na akikosea ofisi huelekezwa nyingine kwa adabu kamili. Greda pekee halisomi herufi. Husoma kalenda, hasa ya uchaguzi.