Jamaika Haina Neno, Shida ni Njiani

Jamaika haimdai Mkenya viza. Ukiwa na pasipoti iliyo hai, tiketi ya kurudi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na mahali pa kulala, unaingia kama mtu aendaye kwa mjomba wake. Nchi zetu mbili zilitawaliwa na Mwingereza, zote zimo katika Jumuiya ya Madola, na hili ni mojawapo ya mafao machache ya kutawaliwa niliyowahi kuyaona kwa macho yangu. Tatizo ni kwamba hakuna ndege ya kutoka Nairobi moja kwa moja hadi Jamaika. Lazima upite kwa watu. Na hao watu, ambao huna haja nao wala hutaki kwao chochote ila kiti cha kukalia ukingoja ndege nyingine, ndio wanaotaka kujua jina la babu yako.

Safari ilitokana na mwana wa kakangu, baharia kwenye meli za watalii. Meli hizo hutia nanga Falmouth, mji wa pwani katika parokia ya Trelawny, kaskazini mwa kisiwa. Mabaharia wa Mombasa tangu zamani hurudi na redio na manukato. Huyu wetu alirudi na habari kwamba ameposa. Barazani kwa mamangu ikaamuliwa lazima mtu mzima wa upande wa mume awepo harusini. Kakangu, ambaye ndiye babake kijana, akasema pasipoti yake imekwisha na goti linamsumbua. Basi wote wakanigeukia na kunikumbusha kwamba ami ni baba, maneno ambayo nimechunguza nikaona husemwa tu panapokuwa na gharama.

Habari ya kutotakiwa viza haikuaminiwa na mtu. Mamangu aliniuliza mara mbili, kisha akasema nyumba isiyo na mlango ni ile isiyokuwa na cha kuibwa. Jirani yetu mmoja, mwenye shemeji Doha na kwa hiyo mtaalamu wa mambo ya uhamiaji, aliniapia kwamba hakuna nchi ya namna hiyo duniani na kwamba nimetapeliwa. Sikuwa nimemlipa mtu hata shilingi, lakini alinipa pole.

Dada wa wakala wa usafiri alianza na London, kwa kuwa ndiyo njia iliyozoeleka. Ndege ya kutoka Nairobi ingenishusha Heathrow, na ya kwenda Kingston ingeruka kutoka Gatwick. Baina ya viwanja hivyo viwili ni zaidi ya kilomita 60 za barabara, na barabara hiyo iko ndani ya Uingereza, jambo ambalo Uingereza hailichukulii kwa wepesi. Hata ukibaki ndani ya uwanja mmoja bila kutia mguu nje, Mkenya anatakiwa viza ya kupita. Ukivuka kwenda uwanja wa pili, unatakiwa viza nyingine ya kupita, ile inayokuruhusu kupumua hewa yao. Majibu hutoka kwa kawaida baada ya wiki tatu. Hapo nikasoma kwamba Jamaika, kwa upande wake, humruhusu mgeni kufunga ndoa saa 24 tu baada ya kuwasili, mradi kibali cha ndoa kiwe kimeombwa. Yaani kule ningeweza kuoa kwa siku moja, na kwa Mwingereza ningengoja wiki tatu ili nipande basi.

Wakataka pia taarifa za benki za miezi sita. Mwalimu yeyote anajua taarifa ya benki ya mwalimu ilivyo. Mshahara unaingia tarehe 28, tarehe 29 chama cha akiba kinachukua chake, tarehe 30 ada ya shule, na kuanzia hapo ukurasa wote ni senti zinazotoka moja moja hadi mwezi mwingine. Kakangu, kwa kuonea haya goti lake, akanitumia fedha nyingi kwa mpigo ili akaunti inenepe. Dada wa wakala alipoiona ile karatasi aliguna. Fedha zinazoingia ghafula, alisema, zinatia shaka kuliko zisizokuwepo. Ikabidi nizirudishe. Kakangu akazipokea kwa haraka ambayo hakuwa ameionyesha alipokuwa akizituma.

Tukahamia Miami. Marekani haina kitu kama kukaa uwanjani ukingojea ndege ya nchi nyingine. Kila abiria anapanga foleni ya uhamiaji, anachukua mizigo yake, anapita forodha, ndipo anaianza safari upya. Kwa hiyo viza ya kupita ni lazima, na mahojiano ubalozini, na kabla ya hayo fomu ya kujaza kwenye intaneti.

Fomu hiyo nimeihifadhi kichwani. Nilikaa kwenye duka la kompyuta karibu na Makadara, binti wa dadangu akinichapia, na watu watatu wasionihusu wakifuatilia nyuma ya bega langu. Tukaenda vizuri hadi swali la ukoo au kabila: je, wewe ni wa ukoo au kabila fulani, na kama ndiyo, taja. Sasa Mswahili wa Mombasa humuulizi swali hilo kama hujatenga alasiri nzima. Nikamwambia aandike kwamba sisi ni wa Miji Kumi na Miwili, iliyogawanyika Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kwamba kwa baba mimi ni Mmvita na kwa mama ni Mkilindini, lakini bibi yangu mzaa baba alitoka Lamu na huko nako pana maneno yake.

“Mjomba,” akasema, “kisanduku ni kidogo.”

“Basi andika Thelatha Taifa.”

Mzee mmoja aliyekuja kutoa nakala ya hati ya shamba akaingilia kati kwamba kwa baba mimi si wa Thelatha Taifa, ni wa Tisa, na mtu hufuata kwa babake. Akawa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Mabishano yakachukua muda hadi kompyuta ikatutoa na kutaka tuanze upya.

Swali la ugaidi lilikuwa rahisi zaidi. Waliuliza kama nakusudia kushiriki vitendo vya kigaidi nikiwa Marekani. Muuza duka, ambaye siku zote anajiona wakili, akanishauri: “Sema hapana, lakini usiseme haraka.” Nikasema hapana kwa mwendo wa kawaida. Mwisho wa yote nikaambiwa tarehe za mahojiano zilizopo ni za baada ya harusi, na si kwa siku chache. Ningeenda tarehe hiyo ningefika Trelawny kwenye arobaini ya mtoto.

Aliyetuokoa ni dada yuleyule wa wakala. Aligundua kwamba Mjerumani hamtaki Mkenya viza ya kukaa uwanjani, mradi abaki upande wa abiria wa kimataifa na tiketi iwe moja hadi mwisho. Kuna ndege ya Frankfurt kwenda Montego Bay, na kutoka hapo Falmouth ni mwendo wa gari usiotosha hata usingizi. Sikujua hapo kabla kwamba ningekuja kuipenda Frankfurt bila kuiona.

Ikabaki kadi ya manjano. Jamaika huitaka kwa wanaotoka nchi zenye homa hiyo, na Kenya imo. Yangu nilikuwa nayo tangu nilipokwenda Umra, imekunjwa mara nne, ina doa la kahawa pembeni, na imeandikwa tarehe ya kuisha, kwa sababu zamani chanjo ilihesabiwa miaka kumi. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinasema chanjo hiyo ni ya maisha, hata kwa kadi za kale. Nilijiandaa na jambo hili nikawa najua kifungu.

Kijana wa kaunta ya ndege pale Nairobi hakujua. “Mzee, kadi imekwisha,” akasema, kisha akanyoosha mkono wa pili. “Na viza ya Jamaika?”

“Haitakiwi.”

Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyezoea kuwarudisha watu nyumbani. Si kosa lake kabisa. Shirika likimbeba abiria asiyestahili, linamrudisha kwa gharama zake na huenda likapigwa faini juu. Kwa hiyo mpaka wa Jamaika hauko Jamaika. Uko pale kwenye mizani ya mabegi, na mlinzi wake ni kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye tai fupi. Akamwita msimamizi. Msimamizi akaiinua kadi kwenye taa na kuiangalia mbele na nyuma, kisha akalikwaruza lile doa kwa ukucha.

“Hii ni nini?”

“Kahawa.”

“Ya hospitali?”

Nikamtajia mwaka 2016. Nyuma yangu mama mmoja mfanyabiashara wa kwenda Guangzhou, mwenye haraka zake, akasema kwa sauti kwamba hata yeye anajua chanjo ni ya maisha, na kama hawaamini wampe yeye hiyo kompyuta. Msimamizi akabofya, akasoma, akasogea karibu na kioo, akasoma tena. Kisha akamnong’oneza kijana jambo, na kijana akanipa pasi ya kupandia ndege akiwa haniangalii usoni. Walinikubalia, ila nadhani hadi leo hawajaamini.

Frankfurt nilikaa kwenye kiti. Sikusogea sana, nisije nikaingia Ujerumani kwa bahati mbaya.

Montego Bay, afisa wa uhamiaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning’inia kwa mnyororo. Fomu ya kuingia nilishaijaza kwenye simu. Akauliza nimefuata nini, nikamwambia harusi. Hapo sauti yake ikabadilika. Nani anaoa, anaoa wa wapi, mbuzi atachinjwa? Nikamjibu yote. Akagonga muhuri huku akinionya nisile sana siku ya kwanza. Nilikuwa nimebeba bahasha ya vyeti, barua ya mwajiri, taarifa za benki zilizokonda na barua ya mwaliko iliyopigwa mhuri wa wakili, na hakuna hata karatasi moja aliyoitaka. Nikasimama pembeni nikiwa na uchungu kidogo, maana nilitamani angalau mtu mmoja azisome.

Nisiwapambe kupita kiasi, maana nao wamewahi kufunga mlango. Oktoba 1968 serikali ya Jamaika ilimkatalia Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa mhadhiri wa chuo kikuu chao cha Mona, asirudi nchini alipotoka kwenye mkutano Kanada. Wanafunzi waliandamana na Kingston ikachafuka. Yeye akaja zake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kile kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka mwaka 1972. Waliomzuia yule hawakujua walikuwa wanatupa sisi nini.

Mimi nilizuiwa na mabuyu. Mamangu alinifungia halua na mifuko ya mabuyu mekundu ya kuwapa wakwe, na katika fomu nilitangaza vyakula vyote kwa sababu nilikuwa nimechoka kushukiwa. Halua ilipita baada ya kubonyezwa. Mabuyu yakamwagwa kwenye sinia, na afisa wa forodha aliyevaa glavu akaokota moja. Rangi ikambakia kidoleni.

“Hii ni mbegu?”

“Ni peremende.”

“Ndani kuna nini?”

Nikanyamaza kidogo. “Mbegu.”

Akaja mwenzake wa mambo ya mimea. Wakajadiliana kama kitu kilichochemshwa kwenye sukari, rangi na pilipili kinaweza kuota Jamaika. Nikajitolea kula moja mbele yao. Wakakubali, nikala, nikatema mbegu kiganjani, nao wakaiinamia wote wawili. Mwishowe wakaniruhusu nipite na halua, na mabuyu yakabaki kwa ajili ya usalama wa kilimo. Nilipogeuka mlangoni, yule wa kwanza alikuwa akilamba kidole.

Njiani bwana harusi alinionyesha vilima vya ndani vya Trelawny. Huko, akasema, zamani palikuwa na kijiji cha watumwa waliotoroka, na walikiita Me No Sen You No Come: sijakuita, usije. Katika masharti yote ya kuingia niliyokutana nayo safari hiyo, hayo ndiyo pekee yaliyokuwa wazi, na hayana ada.

Harusi ilikwenda vizuri na mbuzi alikuwepo. Usiku, bibi yake bi harusi akanivuta kando akasema naye anataka kuja Mombasa, awaone watu waliomtuma mtu mzima kutoka mbali hivyo. Nikafurahi. Nikamweleza kwamba Januari 2024 Kenya ilifuta viza kwa walimwengu wote na badala yake ikaweka idhini ya kielektroniki, ambayo wakati huo hata Mjamaika aliiomba kabla ya kusafiri kwa kujaza fomu. Mjukuu wake mmoja akatoa simu hapohapo. Ikaulizwa atafikia wapi. Nikawaambia ni kwangu, nyuma ya msikiti, ukishampita muuza mbaazi. Kijana akaandika hivyohivyo, fomu ikataka jina la mtaa na nambari ya nyumba. Tukaweka nambari ya sanduku la posta la shule.

Bibi akauliza atapitia wapi. Mwanawe aliyeko Birmingham, akasema, angependa wakutane London kwanza. Na tangu mwaka 2003 Mjamaika haingii Uingereza bila viza. Nikamvutia kiti, nikamwambia akae vizuri, kisha nikamuuliza kama anazo taarifa za benki za miezi sita.