Ukoo Umekutana, Watoto Wajifunze

Desemba ikifika, Mchaga wa Dar es Salaam hana ujanja: anafungasha watoto, anakaa basini zaidi ya kilomita 500 hadi Moshi, kisha anapandisha mlima mpaka kihamba cha babu. Ati anakwenda kupumzika.

Mapumziko yanaanzia mlangoni. "Haya, mimi nani?" shangazi anamuuliza mtoto wa miaka minne, ambaye mara ya mwisho alimwona hajaota meno. Mtoto akinyamaza, hajalelewa. Akijibu "sikujui", ndiyo kabisa. Lawama zinamfuata mama yake jikoni, anakomenya ndizi za mtori vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu. Wajomba wako kivulini, kata ya mbege inazunguka, wanajadili malezi.

Mabingwa hao wa malezi ndio waliompa mwanao soda saa nne usiku. Alfajiri, godoro walilobanana binamu sita likikutwa limelowa, mabingwa hawaonekani.

Halafu kuna kikao cha ukoo. Watoto wanaamriwa watulie, wajifunze adabu kwa wakubwa. Basi wanatulia, wanawatazama wakubwa wakifokeana kuhusu mpaka wa migomba na nani hajatoa mchango wa mbuzi.

Watoto nao waligombania mpira asubuhi. Mchana wanakula sahani moja, wamesahau. Ndio ubaya wa kuwakuzia mjini: hata kuweka kinyongo hawajui.